Khadja Nin: Kiswahili cha sokoni kilichovuma Ulaya

GATUMBA, Bujumbura

Mfanyabiashara anayevuka hapa kwenda Kavimvira na Uvira hubadilisha fedha na kugongewa muhuri, lakini lugha habadilishi. Bei ya mawese, vitenge au ndagala hupatanwa kwa Kiswahili pande zote mbili. Lugha hiyo hiyo ndiyo iliyompa jina Khadja Nin, mwimbaji na mtunzi aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1959, wakati mji ukiitwa bado Usumbura chini ya Wabelgiji.

Naye alianza kuvuka mipaka mapema. Alihamia Zaire akiwa kijana, na mwaka 1980 akaenda Ubelgiji na mtoto wake mdogo. Huko alikutana na mwanamuziki Nicolas Fiszman, wakatengeneza pamoja nyimbo za gitaa na sauti za kuitikiana. Albamu ya kwanza ilitoka 1991 ikiwa na jina lake. Iliyofuata, ya 1994, ikaitwa tu "Ya Pili", kama mtu anayehesabu magunia. Zilimtambulisha, basi.

Kilichomfungulia milango ni "Sambolera", albamu ya 1996. Wimbo "Sambolera Mayi Son" ulivuma Ufaransa na Ubelgiji kwa wasikilizaji ambao wengi wao hawakujua Kiswahili.

Lakini kwa msomaji wa mpakani, wimbo wa kuutafuta ni "Sina Mali, Sina Deni". Asili yake ni "Free" wa Stevie Wonder, Mmarekani, uliotoka 1987. Khadja Nin hakulichukua neno "huru" na kuliweka lilivyo. Uhuru akaupima kwa mali na deni. Mwenye daftari la wadai anaielewa hesabu hiyo bila mkalimani: mfuko mtupu unaumiza, ila simu ya mdai inaumiza zaidi.

Uamuzi wa kuimba Kiswahili haukuwa mdogo. Nchini Burundi, watu wengi walikihesabu kuwa lugha ya Buyenzi, ya madereva na wachuuzi. Kifaransa ndicho kilichokuwa cha ofisini na shuleni. Aliimba pia Kirundi na Kifaransa, lakini lugha ya wachuuzi ndiyo iliyobeba majina ya albamu na nyimbo zake nyingi.

Tena mwaka 1996 ulikuwa mbaya kwa nchi yake. Vita vilikuwa vikiendelea tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Julai 25, 1996, Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Siku sita baadaye nchi jirani, zikikutana Arusha, ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999. Oktoba hiyo hiyo Uvira ikatekwa na waasi wa Zaire. Sauti ya Mrundi ilikuwa ikisikika redioni Paris na Brussels wakati bidhaa za kwao zimezuiwa mipakani.

Katika albamu hiyo mna pia wimbo "Mzee Mandela". Miaka mitatu baadaye, Desemba 1999, mzee mwenyewe alichukua usuluhishi wa Burundi baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere, na Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini Arusha.

Khadja Nin alitoa albamu nyingine, "Ya...", mwaka 1998. Mwaka 2018 alikaa kwenye jopo la majaji wa tamasha la filamu la Cannes.