Hesabu ya Maji Mwilini: Wanyama wa Nchi Kame ya Kaskazini mwa Kenya

Kati ya Mlima Marsabit na Ziwa Turkana limetanda jangwa la Chalbi, uwanda wa chumvi na udongo mkavu ambao zamani ulikuwa sakafu ya ziwa, na ambao leo hupata mvua isiyofikia milimita 200 kwa mwaka, tena mvua hiyo huweza kunyesha yote kwa siku chache kisha isionekane kwa miezi mingi. Upungufu huo wa mvua, hata hivyo, ni nusu tu ya tatizo linalomkabili mnyama wa huko, kwa kuwa jua lile lile linaloukausha udongo humpandishia joto la mwili, na njia ya kawaida ya kulishusha joto hilo, yaani kutoa jasho au kuhema, humgharimu maji ambayo hana pa kuyapata. Akijipoza anakauka, asipojipoza anaungua, na kila kiumbe kilichodumu katika nyika hizo kimedumu kwa sababu kimepata namna yake ya kutoka katika mtego huo.

Ngamia ndiye ajulikanaye zaidi, na ndiye pia aliyezushiwa mengi, kwani wako wengi ambao bado huamini kwamba nundu yake imejaa maji. Nundu ni shehena ya mafuta. Ni kweli kwamba mafuta yanapochomwa mwilini kwa msaada wa oksijeni hutoa maji, kiasi cha gramu moja kwa kila gramu ya mafuta, lakini ili aipate oksijeni hiyo ngamia hana budi kuvuta hewa kavu, na unyevu anaoupoteza kwa kupumua huimeza faida yote. Kazi ya nundu ni kuweka akiba ya chakula, na kwa kuwa mafuta yamekusanywa mahali pamoja mgongoni badala ya kutandazwa chini ya ngozi nzima, sehemu nyingine za mwili huweza kutoa joto bila kizuizi.

Siri yake hasa ilifumbuliwa na Knut Schmidt-Nielsen, mtaalamu wa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji kazi wa mwili, aliyezaliwa Norwei na kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, ambaye mwaka 1953 na 1954 aliwachunguza ngamia huko Béni Abbès katika Sahara ya Algeria. Alipima joto lao na kuona kwamba ngamia aliyenyimwa maji huuacha mwili upoe hadi nyuzi 34 hivi za Selsiasi alfajiri, kisha huuacha upate joto polepole hadi karibu nyuzi 41 alasiri kabla ya kuanza kutoa jasho kwa wingi. Joto lililokusanywa mchana hutolewa bure usiku, hewa inapopoa, na kwa ngamia wa kilo 500 utaratibu huo huokoa karibu lita tano za maji kwa siku. Schmidt-Nielsen alionyesha vilevile kwamba ngamia aliyenyolewa hupoteza maji kwa kiasi cha nusu zaidi kuliko mwenye manyoya yake, jambo linalomshangaza anayedhani kwamba manyoya ni mzigo juani, ilhali ndiyo yanayolizuia jua lisiifikie ngozi.

Hata hivyo maji hupungua, na hapo ndipo ngamia anapowaacha mbali wanyama wengi, kwani huweza kupoteza maji yanayofikia robo ya uzito wake na bado akaendelea na safari, wakati binadamu aliye katika joto kali hufa akipoteza karibu nusu ya kiwango hicho. Mtu anapokaukiwa, damu yake huwa nzito hata moyo ukashindwa kuisukuma kwa kasi ya kutosha kulipeleka joto kwenye ngozi, lakini ngamia hupoteza maji zaidi kutoka katika tishu na utumbo, damu ikabaki na wepesi wake. Akifika kisimani hunywa lita 100 au zaidi kwa muda wa dakika kumi hivi, na chembe nyekundu za damu yake, ambazo zina umbo la yai tofauti na za mamalia wengi, hufura hadi kuzidi mara mbili ya ukubwa wake bila kupasuka. Maisha ya Wagabra wa Maikona na North Horr, na ya Warendille wa Kargi na Korr, yamejengwa juu ya uwezo huo, maana mifugo inayoweza kukaa wiki nzima na zaidi bila kunyweshwa hufika kwenye malisho ambayo ng'ombe hawezi kuyafikia, na huku ikiendelea kutoa maziwa.

Ngamia, lakini, ana mchungaji wa kumtekea maji. Choroa, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, hana, na kwa sababu hiyo mbinu zake zinastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Mtafiti C. Richard Taylor, aliyefanya kazi nchini Kenya katika miaka ya 1960, alithibitisha kwamba joto la mwili wa choroa asiye na maji huweza kupanda hadi nyuzi 45 na kukaa hapo kwa saa kadhaa bila kumdhuru, kiwango ambacho kingewaua mamalia karibu wote. Ubongo ndio usiostahimili joto kama hilo, na choroa huulinda kwa mpangilio wa ajabu wa mishipa: damu ya moto inayotoka moyoni, kabla ya kuingia katika ubongo, hugawanyika katika wavu wa vijishipa vyembamba vilivyozamishwa ndani ya damu iliyopoa ikitoka puani, kama birika la moto lililotumbukizwa katika beseni la maji baridi, na hivyo ubongo hubaki na joto dogo kuliko mwili. Digidigi naye, ingawa ni mdogo asiyezidi kilo chache, ana pua iliyorefuka inayomsaidia kuipoza damu na kuurudisha unyevu wa pumzi kabla haujatoka nje.

Palibaki swali la choroa kupata maji wapi. Taylor aliyapima majani ya kichaka kiitwacho Disperma, ambacho choroa hupenda kukila, akakuta kwamba mchana majani hayo ni makavu kiasi cha kuvunjikavunjika mkononi, yakiwa na asilimia moja tu ya maji, lakini usiku, hewa inapopoa na unyevu wake kuongezeka, hufyonza maji hadi yakafikia asilimia 40. Choroa anayelisha usiku, basi, hula na kunywa kwa wakati mmoja. Ni ugunduzi wenye uzito kuliko unavyoonekana, kwa sababu unaonyesha kwamba nchi inayohesabiwa kuwa haina kitu ina maji yake, ila yanapatikana kwa saa chache tu, na ng'ombe aliyefungiwa zizini tangu magharibi hadi jua lichomoze hukosa kabisa sehemu hiyo ya riziki.

Wanyama wadogo hawana mwili wa kulimbika joto, kwani huchemka upesi, kwa hiyo wengi hukimbilia ardhini. Fuko asiye na manyoya, anayepatikana Kenya, Ethiopia na Somalia, ameifuata njia hiyo hadi mwisho: huishi katika mahandaki ambamo joto halibadiliki sana mchana wala usiku, hanywi maji kamwe, na unyevu wote huupata katika viazi vya mimea ya porini, ambavyo huvitafuna nyama ya ndani na kuliacha ganda ili kiazi kikue tena. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis alieleza jinsi mafuko hao wanavyoishi mithili ya nyuki, malkia mmoja akizaa na makumi ya wengine wakichimba na kulea. Wataalamu wengi wanauhusisha mpango huo na ukame wenyewe, kwa kuwa viazi hivyo vimetawanyika mbalimbali na udongo hulainika kwa muda mfupi tu baada ya mvua, hata fuko anayechimba peke yake angekufa njaa kabla hajakifikia kimoja.

Firigogo, ndege wa ukubwa wa njiwa, hula mbegu kavu na hutaga mayai ardhini, mbali na maji, mahali ambapo wanyama wawindao ni wachache. Makinda yake huhitaji maji kabla hayajaweza kuruka, na mwaka 1896 Mwingereza Meade-Waldo, aliyewafuga ndege hao, aliandika kwamba dume huyaletea maji kwa manyoya ya tumbo. Wengi hawakumwamini mpaka mwaka 1967, Tom Cade na Gordon Maclean walipolithibitisha jambo hilo katika Kalahari. Nyuzi ndogo za manyoya hayo hujikunjua zinapolowa na kuyanasa maji, dume akaruka nayo hata kilomita 30, na makinda yakayafyonza kwa midomo.

Ustahimilivu wa aina hii una mpaka, na mpaka huo ulionekana wazi katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020. Serikali ya Kenya iliripoti vifo vya punda milia wa Grevy 49 kati ya Februari na Oktoba 2022, hasara kubwa kwa mnyama ambaye wamebaki maelfu machache tu duniani, wengi wao wakiwa Kenya. Punda milia huyo huweza kukaa siku kadhaa bila kunywa, lakini jike anyonyeshaye hawezi, na pale ambapo visima na mabwawa hushikwa na mifugo mchana kutwa, hulazimika kwenda kunywa usiku pamoja na mtoto wake, wakati ambao simba huwa mawindoni.