Karatasi za Nasaba katika Mwambao wa Rumonge

Katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, utafiti wa nasaba umefungamana na historia ya ardhi, kwa kuwa uasi ulioanza huko tarehe 29 Aprili 1972, na mauaji makubwa yaliyofanywa na utawala wa Rais Micombero baada yake, viliwasukuma watu wengi kukimbilia Tanzania, wakafikia Kigoma na hatimaye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, huku mashamba yao ya michikichi yakishikwa na wengine. Wengi walipoanza kurejea kufuatia Mkataba wa Amani wa Arusha wa mwaka 2000, suala la nani ni mtoto wa nani likawa pia suala la nani ana haki katika shamba gani.

Ndiyo maana daftari lenye simulizi za wazee, nakala ya cheti cha ubatizo, kadi ya ukimbizi au barua ya zamani vinastahili kuhifadhiwa kidijitali, yaani kupigwa picha au kupitishwa kwenye skana ili viwe faili za kompyuta, hasa mahali ambapo unyevu hula karatasi na ziwa limepanda miaka ya karibuni hadi kufurika makazi. Kazi yenyewe ya kupiga picha si ngumu: ukurasa hulazwa bapa, hupigwa pande zote mbili kwa nukta zisizopungua 300 kwa kila inchi, na faili kuu huwekwa katika muundo wa TIFF, unaoweza kutunza picha bila kuipunguzia ubora, ilhali nakala nyepesi ya JPEG hutumika kwa kusomea.

Ugumu umo katika faharasa, yaani orodha ya kutafutia. Programu nyingi za nasaba zimejengwa juu ya dhana ya jina la ukoo linalorithiwa, lakini kwa desturi ya Kirundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hata ndugu wa tumbo moja wakakosa jina la pamoja, na katika familia za Kiislamu za Rumonge jina la baba ndilo linalomfuata mtoto. Isitoshe, baadhi ya wakimbizi waliokaa mjini Kigoma walitumia majina mengine ili wasitambulike. Kwa hiyo kila faili inahitaji kuandikiwa jina kama lilivyoandikwa kwenye karatasi, majina mengine ya mtu huyohuyo, baba, mama, kilima (yaani eneo dogo la utawala) alikotoka, pamoja na jina la msimulizi na mwaka aliosimulia, maana simulizi isiyo na mwenyewe haina nguvu mbele ya wanaogombea ardhi.

Nakala zisipungue tatu, moja ikikaa kwa jamaa walio mbali na ziwa. Kurasa zinazotaja walio hai, au zinazomtuhumu mtu kwa matendo ya 1972, zitengwe katika faili yenye nywila na zisisambazwe kwa simu, hata pale ambapo ukoo mzima unaziulizia.