Damu Baada ya Hedhi Kukoma: Swali la Sala na Swali la Tiba



Ndugu Waislamu, hedhi ni jambo alilolitaja Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake. Hata wanawake waliokwishakata tamaa nayo hakuwasahau: katika Suratut-Talaq, aya ya 4, amewawekea eda ya miezi mitatu. Basi si aibu kulizungumza.

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55. Vifuko vya mayai hupunguza kutoa homoni ya estrojeni, na hapo huja joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu na mifupa kupungua nguvu. Mwanamke akitimiza miezi 12 mfululizo bila ya damu, matabibu huhesabu kuwa hedhi yake imekoma.

Mushkeli huja pale damu inaporejea baada ya muda huo, japo tone. Wengi katika akina mama zetu huuliza swali moja tu: je, nisali au nisisali? Swali hilo ni la haki, na wanavyuoni wamelijadili. Rai mashuhuri kwa Mahanbali ni kuwa hedhi haivuki miaka 50, ilhali Mashafii hawakuiwekea ukomo wa umri. Kwa hiyo kila mmoja amuulize sheikh wake hukumu ya ibada yake.

Lakini lipo swali la pili lisilongoja fatwa: damu hii yatoka wapi? Bi Fatima binti Abi Hubaish (RA) alipomweleza Mtume (SAW) habari ya damu yake isiyokatika, alifahamishwa kuwa hiyo ni ya mshipa, wala si hedhi, na kwamba asiache sala. Hapo twajifunza kuwa si kila damu ni ada ya mwanamke. Nyingine ina sababu yake.

Mara nyingi sababu hiyo ni nyepesi, kama vile ukavu na wembamba wa kuta za njia ya uzazi, au kinyama kilichoota kizazini. Hata hivyo, katika kila wanawake 10 waliokoma hedhi na kupatwa na saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi, takriban 9 hutokwa na damu. Estrojeni isiyosawazishwa na projesteroni huunenepesha ukuta huo. Na kwa kuwa mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni, unene uliokithiri huzidisha hatari. Saratani hii ikigunduliwa mapema, aghalabu hutibika.

Daktari ataukagua mlango wa kizazi, atapiga picha ya ultrasaundi, na ikibidi atachukua kinyama kidogo kikapimwe. Atafutwe daktari wa kike. Asipopatikana, wanavyuoni wameruhusu wa kiume kwa dharura, kwa kiasi cha haja.

Enyi waume na watoto, mama akinyamaza kwa haya, nanyi msinyamaze. Bi Aisha (RA) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Naye Mtume (SAW) ametuamrisha kujitibu, akabainisha kuwa kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee. Basi tusije tukauita uzee ugonjwa ambao Allah ameuteremshia dawa.