Chakula cha Kifahari Huanzia Bustanini

Wakulima wengi, wakisikia habari za hoteli ambako wageni hulipa fedha nyingi kwa chakula cha jioni, hudhani kwamba sifa yote ni ya mpishi. Sivyo. Sikilizeni habari za hoteli moja ya Uingereza, nanyi mtaona kwamba sehemu kubwa ya sifa ile ni ya jembe.

Hoteli hiyo huitwa Gravetye Manor, nayo iko mashambani katika Sussex, kiasi cha maili 30 kusini ya London. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka wa 1598, na ikafanywa hoteli mwaka wa 1958. Chakula chake kimepata nyota ya Michelin. Nyota hiyo hutolewa na wakaguzi ambao huja kula bila kujitambulisha, na hulipa kama wageni wengine.

Mwaka wa 1884 nyumba ile ilinunuliwa na Bwana William Robinson. Huyu hakuwa mwana wa tajiri. Alizaliwa Ireland mwaka wa 1838, akaanza kazi akiwa kijana wa bustani. Alijifunza mimea kwa bidii, kisha akaandika vitabu na magazeti ya kufundisha kazi ya bustani, na hayo ndiyo yaliyomtajirisha. Hata alipozeeka asiweze kutembea, alizungushwa bustanini katika kiti cha magurudumu. Akafa mwaka wa 1935, umri wake miaka 96.

Bustani ya mboga aliyoiacha ina kiasi cha ekari moja, nayo imezungukwa na ukuta wa mawe wenye umbo la yai. Iko mtelemkoni, ikielekea kusini, kwa maana huko ndiko jua la Uingereza liliko. Mawe hupata joto mchana na kulitoa usiku, na miti ya matunda iliyoegemezwa ukutani hufaidika. Tena hewa baridi hutelemka kama maji. Wakulima wa Limuru na Kinangop wanalijua jambo hili: viazi vya bondeni huungua kwa baridi ya alfajiri, na vya mtelemkoni hupona.

Mpishi wa Gravetye hupanga chakula kwa kufuata yale yaliyo tayari bustanini. Sababu yake ni wazi. Njegere zikisha kuchumwa, utamu wake huanza kupungua saa ile ile. Saladi nayo hunyauka upesi. Mpishi hodari hawezi kuirudishia mboga uzima uliokwisha potea njiani.

Basi, ndugu mkulima, ikiwa uko karibu na hoteli, fanya hivi. Patana na mnunuzi kabla ya kupanda. Panda kidogo kidogo, kila baada ya majuma mawili, ili usiwe na mboga nyingi leo na kukosa kesho. Chuma alfajiri, uziweke kivulini, nawe utenge zilizo nzuri na zilizo mbovu. Zaidi ya yote, timiza siku mliyoahidiana. Mnunuzi aliyeletewa mboga zilizolala mara moja atatafuta mkulima mwingine, na kumrudisha ni kazi ngumu kuliko kulima.

Mchumia juani hulia kivulini.