Kupanga Upya Mafaili ya Kompyuta: Njia ni Sehemu ya Habari

Mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari huhifadhi matokeo ya mitihani katika kompyuta. Ndani ya folda kuu mna folda 3 za miaka. Ndani ya kila mwaka mna folda 4 za vidato. Na ndani ya kila kidato mna folda 9 za masomo. Kila folda ya somo ina faili moja liitwalo "matokeo". Hivyo mafaili yote ni 3 × 4 × 9, yaani 108. Sasa walimu wa kila somo wanataka matokeo yao yakusanywe mahali pamoja. Kazi hiyo ikifanywa kwa mkono itachosha, na aliyechoka hukosea. Hapo ndipo skripti inapohitajika, yaani orodha ya amri iandikwayo mara moja, ambayo kompyuta huitekeleza hatua kwa hatua.

Mpango wa folda ndani ya folda si mpya. Mwaka 1965 R. C. Daley na P. G. Neumann waliueleza katika usanifu wa mfumo wa Multics huko Marekani. Baadaye Ken Thompson na Dennis Ritchie waliutumia katika mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa mwaka 1969 katika maabara za Bell. Mpango huo hufanana na mti: shina, matawi, vitawi, na majani ambayo ndiyo mafaili. Skripti huupanda mti huo kwa kanuni moja tu: fungua folda, ukikuta faili, lishughulikie, ukikuta folda nyingine, ingia na uanze kanuni ile ile upya, ukimaliza, rudi ulikotoka. Kanuni hiyo haijali kama tabaka ni 3 au 30.

Je, faili linapohamishwa ni kitu gani hasa kinachosogea? Katika diski ile ile, maandishi yake hayasogei hata kidogo. Folda si sanduku. Ni daftari la majina, na kila jina huonyesha mahali maandishi yalipo. Kuhamisha ni kufuta jina katika daftari moja na kuliandika katika jingine. Ndiyo maana mafaili 108 huhamishwa kwa kufumba na kufumbua.

Wepesi huo una hatari yake. Folda ya Fizikia itapokea mafaili 12, yote yakiitwa "matokeo", ilhali daftari moja haliwezi kuwa na majina mawili yaliyo sawa. Katika Unix na Linux, amri ya kuhamisha, isipoagizwa vinginevyo, huliondoa faili la awali kimya kimya na kuweka lililofuata mahali pake. Mwishowe kila somo litabaki na faili 1. Yatasalia 9, na 99 yatakuwa yamepotea.

Chanzo cha msiba huo ni kwamba mwaka na kidato havikuwamo katika jina. Vilikuwamo katika njia ya kulifikia faili. Njia ilipoachwa, habari hiyo ilipotea nayo. Basi skripti iamriwe iunde jina jipya kutokana na njia, mathalani "2023-kidato2-matokeo". Aidha, nakala ya akiba iwekwe kwanza katika diski nyingine. Skripti ianze kwa kuonyesha tu orodha ya majina itakayoyabadili. Na ikatae kuandika juu ya faili lililopo. Kazi ikiisha, mafaili yahesabiwe: yalikuwa 108, na yawe 108.

Zoezi: Ikiwa kila kidato kina mikondo 2, A na B, kila mmoja na folda zake za masomo, jina jipya libebe nini zaidi? Lisipobeba, ni mafaili mangapi yatakayopotea?