Fahamu: Programu ya kusomea inajua nini kuhusu mtoto wako?

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Tangu hapo, mwanafunzi wa Bulembia, Kasese, akiazima simu ya mzazi kufanyia mazoezi, si jambo geni. Je, simu hiyo inamfundisha tu, au pia inamchunguza?

Hofu inatoka wapi?
Katika ripoti yake ya mwaka 2022, shirika la Human Rights Watch lilieleza lilivyokagua programu na tovuti 163 za masomo katika nchi 49. Asilimia 89 zilihatarisha au kukiuka haki za watoto, nyingi zikipeleka taarifa zao kwa kampuni za matangazo.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakataza kukusanya taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa katika hali chache maalumu. Malalamiko hupelekwa katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi.

Ukague nini?
Tazama ruhusa kwanza. Programu ya hesabu haina haja ya kujua mtoto alipo, wala kusoma namba za simu ulizohifadhi. Ikiomba ruhusa hizo, kataa; ikigoma kufanya kazi, ifute. Angalia pia kama wageni wanaweza kumwandikia mtoto, na kama akaunti inafutika. Usijaze jina kamili, shule wala picha pasipo lazima.

Bure nayo ina bei: huenda analipa mtoto, kwa taarifa zake.