Sare ya Serikali na alama ya imani

Katika komuni ya Manika, mjini Kolwezi nchini Kongo, mtawa anayefundisha shule ya umma iliyo chini ya Kanisa Katoliki huingia darasani na kitambala chake kichwani na msalaba kifuani. Mshahara wake hutoka Serikalini, wala hakuna anayeshangaa. Je, askari polisi mwanamke akiomba kuvaa hijabu chini ya kofia yake, ajibiwe kwamba Serikali haina dini?

Jibu hilo halitoshi. Serikali iliwahi kujaribu kufuta alama za dini: mwaka 1974 Rais Mobutu alitaifisha shule za makanisa, akaondoa misalaba kwenye majengo ya umma, na Noeli ikafutwa katika sikukuu za taifa. Mpango haukudumu: tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilitia sahihi mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi wa shule, huku yenyewe ikiendelea kulipa walimu. Utawala huohuo ndio uliowavisha maofisa abacost, koti lisilovaliwa na tai, lakini amri hiyo nayo ililegezwa: tai ziliruhusiwa tena Aprili 1990.

Katiba ya Kongo ya 2006 inatamka katika ibara ya 1 kuwa Dola haifungamani na dini yoyote. Ibara ya 13 inakataza kumbagua Mkongomani kwa dini yake anapotafuta kazi ya umma, na ya 22 inampa haki ya kuonyesha imani yake hadharani, mradi asivunje sheria, utulivu wa umma, maadili wala haki za wengine. Anayekataza vazi, basi, ndiye mwenye mzigo wa kueleza linadhuru nini.

Sababu za kweli za kukataza zipo. Mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimkatalia muuguzi wa Uingereza aliyetaka kuvaa mkufu wa msalaba wodini: mgonjwa angeweza kuuvuta, au ungegusa kidonda. Hospitali ilikuwa imemshauri aufanye bruchi.

Polisi wa shirikisho wa Kanada waliruhusu hijabu mwaka 2016, baada ya kujaribu mitindo kadhaa na kuchagua inayovuliwa upesi askari akikabwa. Lakini katika nchi hiyohiyo, jimbo la Quebec lilipitisha sheria mwaka 2019 inayowazuia polisi na walimu wapya wa shule za umma kuvaa alama za dini kazini.

Jimbo la Lualaba, lenye mji wa Kolwezi, lina mtihani wake. Mtumishi wa SAEMAPE, idara ya Serikali inayosaidia uchimbaji mdogo, anayekagua machimbo ya wachimbaji wadogo anahitaji barakoa iliyobana uso. Akiwa Mpostolo anayefuga ndevu kwa ajili ya imani yake, vumbi litapenya pembeni. Hapo usalama unatangulia, ila bado kuna njia: apewe kifaa cha kofia inayopuliziwa hewa safi, au ahamishiwe kazi isiyo na vumbi.

Kila idara iandike katika kanuni zake za sare kinachoruhusiwa, rangi yake na kishonwe vipi. Mtumishi aombe kwa barua. Mkubwa wake akikataa, naye ajibu kwa barua, akitaja hatari yenyewe.